Sijambo, Ila

Siku ya tisa baada ya kuruhusiwa
ndipo nawapigia.
Chumba changu kiko ghorofa ya saba, barabara ya Anlaby,
dirisha halifunguki, birika lina kutu mdomoni,
na chini yangu magari ya wagonjwa yanaingia na kutoka
kama watu waliosahau kitu nyumbani.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji.
Hapa Hull mimi nalipwa kumwuliza:
uji ulikuwa wa moto kiasi gani,
ulipewa kwa heshima,
na je, tangu uunywe, kuna kilichobadilika?
Kwa kipimo, tafadhali. Sifuri hadi kumi.

Bwana Ousby, dereva wa basi mstaafu,
aliyevunjika kifundo cha mkono kwenye barafu,
alinijibu, "Mbili."
Nikasikia sufuria ikimponyoka.
"Mbili na nusu," akasema. "Siwezi kulalamika, binti."
Fomu haina nusu. Niliandika mbili.

Kisha Bi Mwanakheri Semboja, mzaliwa wa Muheza,
mshona mapazia ya nyumba za magurudumu
kiwandani, upande wa mashariki.
Jumanne moja kifua kilimbana juu ya cherehani.
King'ora, nyaya kifuani, damu mara mbili,
na daktari kijana akamwambia moyo wake hauna neno.
Saa tatu na dakika hamsini na mbili,
tangu mlangoni hadi mlangoni.
Kwenye takwimu zetu huo ni ushindi.

"Shikamoo, Bi Mwanakheri."
"Marahaba."
"Hujambo?"
"Sijambo."
Lugha yetu ndivyo ilivyotulea:
kwanza unalikana jambo,
halafu unaliombea radhi, ndipo unalileta.
Nina dakika kumi na mbili kwa kila mtu.
Nikazitumia mbili kungoja.
"Sijambo, ila..."

Umerudi kazini?
Nimerudi.
Unapanda ngazi?
Napanda. Kwenye ya sita nasimama, nahesabu mapigo, naendelea.
Unalala?
Nalala.
Fomu iliridhika. Mimi sikuridhika.
Unalalaje, mama?
Nimekaa.
Kitini, karibu na mlango.
Na mlango?
Siutii ufunguo, mwanangu.
Wakija kunichukua wasiuvunje,
nyumba yenyewe ya kupanga.

Nilitafuta pa kuliandika hilo.
Maumivu, sifuri: kweli.
Ameridhika na huduma, sana: kweli,
alimsifu hadi yule aliyemletea blanketi.
Kila jibu kweli tupu,
na ukiyajumlisha yote unapata uongo.

Haya ndiyo tunayaita matokeo.
Nyuma ya simu mjukuu akauliza,
"Matokeo gani? Bibi kafanya mtihani?"
Kafanya. Kafaulu.
Usiku yuko macho.

Chini kabisa pana kisanduku cha maoni mengine,
nafasi themanini, pamoja na nukta.
Nikaandika kwanza kwa lugha yake:
Halali kitandani. Mlango wazi usiku. Hajui aogope nini. Muuguzi ampigie.
Zikabaki nafasi nane.
Sikujua nizijaze na nini.

Nikamshukuru kama karatasi inavyoniagiza.
Hakukata.
"Na wewe," akasema, "uliye huko juu na mafua yako,
hujambo?"
"Sijambo," nikajibu upesi, kama mlango wa lifti.
Saa ya simu ilishafika dakika ya kumi na tisa,
msimamizi ataniuliza.
Bi Mwanakheri hakusema kitu.
Akangoja, naye,
kwa subira ya mtu asiyelala.